Kondoo wa Uvunguni

Tangu asubuhi fundi yuko getini kwangu na makopo yake ya rangi, na nyumba nzima inanuka thina ya kuyeyushia rangi. Nimefunga madirisha, nimefungua madirisha, hakuna tofauti. Na simu nayo haitulii. Mtaa wetu hapa Nzuguni una grupu la watu wanaofuga, lililoanzishwa ili tusaidiane kutafuta mbwa wakipotea. Sasa mvua zimezidi mwaka huu, redio zimeanza tena kusema habari za homa ya Bonde la Ufa, ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, na grupu limegeuka hospitali isiyo na daktari. Mmoja anauliza kama paka alale kwenye chandarua. Mwingine ana sungura na anataka kujua kama sungura ana hatari kuliko paka. Wa tatu hana mnyama yeyote, ila ana ushauri wa kitunguu saumu, na anaurudia kila baada ya nusu saa. Halafu kuna baba mmoja mwenye mbwa wa manyoya marefu mpaka machoni. Huyo ameuliza mara tatu tangu jana, kwa maneno yale yale: "Jamani, na mbwa je?" Hakuna aliyemjibu. Nilianza kumwandikia kwamba atuache tupumzike, ampigie daktari wa mifugo, basi. Nikaandika, nikafuta.

Labda nisingekuwa na hasira kiasi hiki kama si thina. Harufu hiyo na habari za mbu vikikutana siku moja, mimi si mtu wa kusogelewa. Vinanirudisha darasa la tatu, kwenye kiwanja hiki hiki, kwa kondoo mmoja aliyeitwa Miwani. Nyie wa rika langu mliokulia Dodoma mwaka ninaousema mnaujua. Ni ule ambao nyama iligeuka kitu cha kutisha, mabucha yakabaki na ndoano tupu, na watu waliokuwa wakijisifu kwamba hawali majani wakawa wanapigania mchicha sokoni.

Siku hizo Nzuguni haikuwa hii ya mageti. Ilikuwa mashamba ya mtama na uwele, nyumba chache za tofali za udongo, na makorongo ambayo ukimwambia mgeni kuwa hujaa maji alikuwa anacheka. Mama yangu alikuwa muuguzi Kondoa na mimi niliishi na Bibi, mama yake, pamoja na Mjomba Lameck, mdogo wake mama. Bibi alikuwa na mbuzi wachache na kondoo wawili watatu. Na kwetu Ugogoni mnyama hafugwi ili apendwe. Anafugwa kwa ajili ya mahari, au kwa ajili ya msiba, au kwa ajili ya siku ambayo mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Kumpa kondoo jina ilikuwa ni utovu wa adabu kidogo, ni kama kumpa jina ugali uliopo sahanini.

Mimi nilimpa. Mama yake alikufa alipomzaa, akabaki kitu cheupe kinachotetemeka, mwili wote mweupe isipokuwa duara mbili nyeusi kuzunguka macho. Bibi alimwangalia akasema, "Huyo hafiki Jumapili." Nikachukua chupa ya soda, nikaifunga mpira wenye tundu, nikawa namnywesha maziwa ya mbuzi na uji mwepesi wa uwele. Jumapili ilifika, na nyingine ikafika. Baada ya mwezi Miwani alikuwa ananifuata mpaka korongoni nikienda shule, anasimama pale analia kwa sauti ya kuniaibisha mbele ya wenzangu, na nikirudi namkuta pale pale. Alitaka kulala ndani. Bibi, ambaye huniita mke mwenzangu mpaka leo, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mke mwenzangu, tuelewane. Humu ndani analala kondoo au nalala mimi?"

Akalala kondoo. Bibi naye alilala, akilalamika, na asubuhi nilimwona akimkwangulia Miwani ukoko wa sufuria.

Basi mwaka mmoja baadaye, Miwani akiwa ameshakuwa kondoo mzima, mvua zikaja, zikakataa kuondoka. Maji yalisimama kila mahali, na mbu wakawa wengi hata mchana. Redio ya Bibi ikaanza kusema: ugonjwa huu unaletwa na mbu, unaua kondoo na mbuzi, unaharibu mimba za mifugo, na mtu huupata akishika damu ya mnyama mgonjwa au akiumwa na mbu huyo huyo. Watu wazima walisikia neno nyama. Mimi nilisikia neno kondoo. Nilitaka kujua jambo moja tu, na nawaambia ukweli, sijawahi kuzungushwa maishani mwangu kama nilivyozungushwa wiki ile.

Nilianza na Mjomba Lameck. Mjomba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Kizota, na kila jioni kabla ya mvua hizo alikuwa anapitia nyama choma. Sasa alikuwa anakula mboga ya mlenda kama sisi wote na alikuwa na uchungu wa mfiwa.

"Mjomba, mbu anaweza kumuuma Miwani?"

"Mbu gani wa kupenya manyoya yale? Wee, hizo ni njama za wauza maharage wa soko la Majengo. Nenda kaone bei ya maharage, ndipo uniulize habari za mbu."

Nikamuuliza mwalimu wangu. Akasema magonjwa ya mifugo ni somo la darasa la sita, nisubiri. Nikamuuliza Mama Neema, mpangaji wetu wa chumba cha uani, ambaye alikuwa anauza supu ya mbuzi na sasa alikuwa amekaa na masufuria yake makavu. Akaniambia, "Mwanangu, usinitajie mbuzi, nina madonda moyoni." Nikamuuliza Bibi tukiwa tunakula.

"Bibi, Miwani naye ana hatari?"

"Kula mlenda, unapoa."

Ndiyo majibu niliyopata. Nikaamua kuwa daktari mwenyewe. Nilichuma majani ya mwarobaini, nikayawasha kwenye kigae cha chungu, nikakiweka miguuni mwa kitanda, nikamkalisha Miwani kwenye moshi. Tulikohoa wote wawili mpaka machozi. Bibi alifungua mlango, akapeperusha moshi kwa khanga, akauliza kama nafukuza mbu au nakausha nyama. Lakini kile kigae hakukiondoa, na jioni iliyofuata nilikikuta kina majani mapya. Jambo jingine lililonipa moyo ni kwamba Miwani alikuwa ananenepa. Tumbo lilikuwa limetoka pande zote mbili, na nilijisifu shuleni kwamba ni uji wangu.

Sasa hapa lazima niwaeleze habari ya nyumba ya Mama Neema, maana bila hiyo mtaniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Mama Neema hakuzaliwa mpangaji. Alikuwa na nyumba yake kando ya barabara, vyumba vitatu na kibaraza cha kuuzia supu. Barabara ilipotaka kupanuliwa, walikuja watu na kopo la rangi nyekundu wakachora X ukutani, kubwa, toka usawa wa kichwa mpaka magotini. Mama Neema aliikwangua kwa kisu. Akaipaka chokaa mara mbili. X ikatokeza tena, hafifu, ila ilikuwa inaonekana. Miezi ikapita, halafu asubuhi moja nikiwa naenda shule nikakuta katapila limefika, na Mama Neema amesimama ng'ambo ya barabara ameshika sufuria lake kubwa kwa mikono miwili. Nilisikia baadaye kwamba alilipwa fidia. Lakini mtoto haoni fidia, anaona katapila. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nasoma zile X njiani kama wengine wanavyosoma mabango. Nikiona X, najua rafiki gani atahama. Hakuna aliyenifundisha maana yake, na sikuwa na haja ya kufundishwa.

Jumamosi moja bwana mifugo wa kata alikuja na pikipiki yake, nyuma amefunga boksi la barafu lenye chanjo. Watu walitangaziwa wapeleke mbuzi na kondoo kwenye uwanja ulio karibu na bomba. Chanjo zilikuwa chache, kwa hiyo kila mnyama aliyechomwa alitakiwa awekewe alama asije akachomwa mara mbili. Bwana mifugo alikuwa na chaki yake maalumu ya rangi, lakini manyunyu yakawa yanaifuta kabla mnyama hajatoka kwenye foleni. Na hapo ndipo Mjomba Lameck, mtu mwenye kipaji cha kujitolea kwenye mambo yasiyomhusu, alipopanda baiskeli mpaka Kizota akarudi na kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, chupa ya thina na brashi.

Angeweza kuchora mstari. Angeweza kuchora duara, au nukta, au herufi ya kwanza ya jina lake, maana hata hilo angelipenda. Lakini kule karakana chuma kinachotakiwa kukatwa huwekewa X, na mkono wa Mjomba haukujua kuchora kitu kingine. Mimi nilikuwa naja nyuma ya wote, namvuta Miwani kwa kamba kwa sababu alikuwa mzito na anapenda kusimama kula kila jani. Nikafika ukingoni mwa uwanja. Nikanusa thina. Nikaona beberu la Bibi limesimama, na ubavuni lina X nyekundu inayong'aa, mbichi, inachuruzika.

Nyuma yake walikuwa wamepangwa wengine, X, X, X. Mbuzi mmoja tu, jike jeusi la Bibi, alikuwa amefungwa kando hana kitu, nikajua Mjomba bado hajamfikia. Bwana mifugo alikuwa ameinama na sindano yake. Bibi alikuwa anacheka na mtu. Nilishangaa kwamba anacheka. Nilimwona Mama Neema naye yuko pale, anaangalia zile X, yeye ambaye anajua, na hiyo ndiyo iliyonimaliza kabisa. Niligeuka, nikamvuta Miwani kwa nguvu ambazo sikujua ninazo, nikakimbia naye nyumbani.

Nilimwingiza chini ya kitanda cha Bibi. Haikuwa kazi rahisi, alikuwa mpana. Nikamsukuma kwa mabega, nikashusha shuka mpaka karibu na sakafu, na ili asilie nikamfungulia kifuko cha karanga za mbegu ambazo Bibi alikuwa amezihifadhi humo uvunguni. Nikajibanza nyuma ya mlango. Baada ya muda Bibi aliingia kutafuta kitu. Alisimama katikati ya chumba. Kulikuwa na sauti ya karanga zinatafunwa, taratibu, bila wasiwasi wowote. Bibi akakohoa, akachukua khanga yake msumarini, akatoka. Nilimshukuru Mungu kwamba wazee hawasikii vizuri.

Wiki iliyofuata nilikuwa nasubiri katapila. Kila gari likivuma barabarani nakimbia kuchungulia. Nilitaka kuwaokoa na wale wengine, nikachukua mafuta ya taa na kitambaa nikaenda kufuta X ya beberu, likanipiga kichwa nikakaa chini. Likaendelea kula mfuko wa simenti wa jirani, na X yake ubavuni, halina habari. Nililionea huruma jinsi lisivyojua. Miwani yeye alibaki ndani, namletea majani, namwashia moshi, na Bibi, jambo la ajabu, hakusema atoke.

Katapila halikuja. Kilichokuja ni habari za ng'ambo ya korongo, kwa watu ambao hawakupeleka mifugo yao siku ile. Mbuzi wao walikuwa wanatupa mimba, wawili leo, watatu kesho. Kondoo wao wadogo walikuwa wanakufa. Tukiwa tunakula Mjomba akajinyoosha akasema, "Mnaona? Kila mwenye X mzima. Ile rangi yangu imeokoa mtaa."

"Rangi yako?" Bibi akamjibu. "Sindano ndiyo imeokoa. Rangi yako ilikuwa ya kuonyesha nani kachomwa. Na umeniharibia beberu, nitamuuza vipi na michoro?"

Nakumbuka tonge lilikuwa mkononi na mlenda unavutika mpaka sahanini. Nikauliza, sauti yangu ikiwa ndogo, kama sindano nyingine zipo.

"Ziliisha siku ile ile," akasema Mjomba. "Mpaka watu waligombana."

Sikuuliza tena. Nilikuwa nimeuliza maswali wiki nzima hakuna aliyenijibu, na sasa nilikuwa na la kusema, nikashindwa kulisema. Niliona wazi mambo yalivyo. Wenye X wote wazima, na yule mmoja ambaye sikutaka apate X ndiye niliyempenda. Usiku huo sikulala, nilikuwa nahesabu mbu kwa masikio.

Miwani alikataa uji siku ya nne baada ya hapo. Pua ilikuwa inatiririka, masikio ya moto, akashindwa kusimama. Nikamwekea chupa ya soda mdomoni kama zamani, maziwa yakamtoka pembeni. Asubuhi Bibi alinikuta nimekaa naye sakafuni. Kulikuwa na kitu nyuma ya Miwani, kwenye majani, kidogo, chenye miguu, kimelowa. Ndipo nikajua ndani ya lile tumbo nililojisifia kulikuwa na nini. Nilinyoosha mkono.

"Toka! Usiguse! Toka humo ndani!"

Bibi hakuwahi kunipigia kelele namna ile. Alinishika mkono akanirusha uani, akaninawisha kwa sabuni mpaka viwikoni, mara tatu. Nikajua amejua. Nilifikiri ananinawisha hatia.

Miwani alikufa mchana huo, jua likiwa kali kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Bwana mifugo alikuja, mikono ameivika mifuko ya plastiki. Akakataza kuchunwa, akamwamuru Mjomba achimbe shimo refu nyuma ya choo, na Mjomba alichimba bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea tena. Wakamfukia na majani yake, na kifuko cha karanga, na kile kidogo. Mimi nilizuiwa kusogea. Nilisikia Bibi akimwambia bwana mifugo, "Huyu mtoto alikuwa analala naye." Wote wawili wakageuka wakaniangalia.

"Ulimshika?" akaniuliza bwana mifugo.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Lini?"

"Siku zote."

Kuanzia hapo Bibi akawa haniondoki. Alfajiri anakuja anasimama kitandani kwangu, anaweka mkono kwenye paji la uso. Mchana ananivuta kwenye mwanga, ananifunua macho, ananiambia nionyeshe fizi. Nikirudi shule anauliza, "Unajisikiaje? Huna la kuniambia?" Mimi nilikuwa nalo la kumwambia, ila nilijua analijua, na niliona kwamba anangoja nikiri mwenyewe. Nikawa nalia. Kadiri alivyoniangalia ndivyo nilivyolia. Baada ya siku nyingi akaacha, na mimi nikameza lile neno, likakaa humo. Nimemaliza shule nalo, nimeajiriwa nalo, nimejenga uzio huu na kununua hili geti nalo. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilimnyima mnyama wangu sindano kwa mikono yangu mwenyewe. Na ndiyo maana, nadhani, sivumilii watu wanaouliza maswali ya wanyama wao kwenye simu, hadharani, bila haya.

Hapo ndipo nilipokuwa leo, nimeshika simu na hasira zangu, niliposikia kelele getini.

"Nyemo! Nyemo, njoo haraka! Wameniwekea X!"

Alikuwa Bibi, ambaye bado tunaishi naye na huniita kwa jina langu akiogopa tu; sasa anatembea kwa fimbo na macho yake yamepungua, lakini sauti iko pale pale. Nilitoka mbio. Amesimama mbele ya geti, fimbo ameielekeza kwa fundi. Fundi, maskini, kabla ya kupaka alikuwa amezungukia sehemu zilizooza kwa kutu na kuzichora X nyekundu ili azikate na kuchomelea. X tano kwenye geti moja.

"Bibi, shikamoo, hizi ni za kukata tu," fundi anasema, na alikuwa ameshampa shikamoo nyingi.

"Marahaba, lakini futa! Futa hiyo kitu kwangu! Nyumba haibomolewi hii!"

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu kicheko kikageuka, sikujua kimegeuka saa ngapi. Nikamshika Bibi nikamkalisha kwenye ndoo ya fundi iliyofunikwa, nikamwambia. Nilimwambia pale pale mbele ya fundi. Nikamwambia habari ya uwanja, ya nyumba ya Mama Neema, ya beberu lenye X, ya uvunguni.

"Bibi, mimi ndiye niliyemuua Miwani."

"Miwani nani?"

"Yule kondoo."

Akafikiri. "Aaa. Yule aliyenilia karanga za mbegu."

"Ulijua?"

"Miguu minne chini ya kitanda changu nisijue? Na mkia uko nje. Nilikuona na wewe nyuma ya mlango, umefumba macho."

"Sasa kwa nini hukumtoa akachomwe sindano?"

"Achomwe na mimba ile?" Bibi aliniangalia kama naanza kuchanganyikiwa. "Bwana mifugo alisema wenye mimba wasichomwe, ile sindano ingeiharibu. Si ndiyo maana yule jike jeusi tulimfunga kando? Nilikuwa nimeshamwambia habari ya huyo wako, akasema akae ndani, mbali na mbu. Nakuja nyumbani nakuta umeshamweka ndani. Nikasema afadhali, mke mwenzangu ana akili."

Fundi aliacha kukoroga rangi.

"Na hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Hukuniuliza."

"Bibi! Niliuliza kila siku! Mkaniambia nile mlenda!"

"Hilo la sindano hukuuliza," akasema, naye sasa amekasirika. "Ulikuwa unalia tu. Nikadhani unamlilia kondoo. Mimi kondoo sikuwa na habari naye. Ulikuwa umelala naye, umeshika kila kitu chake, nilikuwa nasubiri homa yako. Kila asubuhi nakuja nakugusa najiambia leo itakuwepo. Nakuuliza huna la kuniambia, unaumwa wapi, unalia. Ulikuwa unanitesa, wewe mtoto."

Tulikaa pale tumenuniana. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa, na nikijiuliza ni kipi kilikuwa na nguvu zaidi siwezi kusema. Yeye akanyoosha mkono, akaniwekea kwenye paji la uso, mkavu, unanuka ugoro, akauacha hapo kidogo kama anapima.

"Huna kitu," akasema. Akamgeukia fundi. "Na wewe, bado hujafuta?"

Simu ikalia mfukoni. Yule baba wa mbwa, mara ya nne: "Jamani, na mbwa je?"

Nilikaa chini kwenye kizingiti nikamjibu. Nilimwandikia kwa kirefu, vidole vinanuka thina. Nikampa namba ya daktari wa mifugo ninayemwamini, nikamwambia ampigie leo hii, asisikilize mambo ya vitunguu saumu, na akimaliza kuuliza, kama hajaelewa, aulize tena. Akajibu kabla sijaweka simu chini.

"Asante sana dada. Kusema kweli si mimi ninayeuliza. Ni binti yangu, ana miaka saba. Toka jana kajifungia na mbwa chumbani, hataki mtu aingie, na mimi sijui nimwambie nini."

Nikamwandikia: "Mpe simu niongee naye."